Sifa za Chujio Lililoziba

Sisi watu wa kusifu hatuna choyo. Tunamsifu bibi harusi, tunaisifu timu iliyotoka sare, tunamsifu mgombea kabla hajachimba hata kisima kimoja. Basi na chujio la mashine ya kufulia lipewe zamu yake. Nalisema lile dogo, kijikombe cha plastiki chenye wavu, kinachokaa ndani ya mdomo wa vali kule nyuma, pale mpira wa maji unapofungwa. Muuzaji hakuonyeshi unaponunua. Picha yake haimo kwenye boksi. Unaweza kuishi nalo miaka bila kujua kuwa lipo, mpaka siku umepanga nguo, umeweka sabuni, umebonyeza kitufe, na mashine ikaguna, ikaguna, halafu ikanyamaza bila tone la maji ndani.

Kwanza lisifiwe kwa adabu ya malalamiko yake. Likizidiwa halipigi kelele wala halitoi moshi. Linaiachia mashine iseme, nayo husema kwa mkato. LG itaandika IE, Samsung itaandika 4E au 4C, basi. Hapo nyumba nzima inageuka baraza la mafundi. Huyu anasema umeme mdogo, yule anasema sabuni ya unga ndiyo imeharibu, shangazi anasema alishasema tangu mwanzo kwamba beseni halijawahi kuharibika.

Tena lina fadhila ya kuwafanya watu wafanye usafi. Huwezi kulifikia bila kuivuta mashine kutoka ukutani, na kule nyuma kuna mengi: soksi moja moja, kipini, sarafu, na vumbi la tangu mashine iliposhushwa kwenye gari. Njiani utakagua mambo ambayo hukuwahi kuyakagua. Koki imefunguliwa, au kuna mtu aliifunga alipokuwa akiosha viatu? Mpira haujajikunja? Mlango umejifunga barabara? Mashine ya mlango wa mbele haiiti maji hata kidogo kama kufuli ya mlango haijashika. Utautazama hata mpira wa kutolea maji machafu, ambao ncha yake yafaa isimame kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukilazwa chini, maji yanaingia na kutoka kwa wakati mmoja, na mwenye nyumba anaapa kuwa mashine haijazi, kumbe inajaza mtaro.

Halafu kuna uvumilivu wake wa kubeba lawama za tenki. Hesabu ni nyepesi: maji yakiwa juu kwa mita 10 yanasukuma kwa presha ya bar 1. Kama uso wa maji ndani ya tenki uko mita 3 tu juu ya vali, unapata bar 0.3, wakati vitabu vingi vya mashine vinadai bar 0.3 au 0.5 kwa uchache. Tumejenga minara mifupi ya tofali, tukapandisha tenki la lita 1,000, tukaona tumemaliza. Maji yanashuka kwa kusuasua, chujio likiwa na mchanga kidogo tu yanakata tamaa kabisa, na anayetukanwa ni chujio. Anayelitakia haki atafungua mpira upande wa mashine, atauelekeza kwenye ndoo, kisha atafungua koki. Maji yakitoka kama mate, hapo mshtakiwa ni tenki au bomba. Yakitoka kwa nguvu huku mashine ikiguna, vali inapata umeme, na chujio ndilo limeziba. Mashine ikiwa kimya kabisa, hiyo ni kesi ya fundi mwenye mita ya kupimia umeme, chujio halimo.

Na kwa kuwa fundi ametajwa, tumtaje na adui. Kuna mafundi wazuri, nawaheshimu. Lakini yupo yule anayelichomoa, analishika kwa vidole viwili na kusema, "Mama, hiki kidude ndicho kinachokusumbua. Tukitupe, maji yaingie kwa raha." Jirani yangu alikubali, na kweli maji yaliingia kwa raha. Baada ya muda yakawa yanaingia hata mashine imezimwa, hata plagi imechomolewa, mpaka zulia la sebuleni likaanza kuelea pembeni. Ndani ya vali kuna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo mno, na maji yenyewe, kwa presha yake, ndiyo hukikandamiza kiwambo hicho kijifunge. Chembe moja ya mchanga ikikaa vibaya pale, vali haifungi tena, na hakuna kitufe duniani kitakachoishawishi. Chujio ni bawabu asiyekula rushwa: akiona wageni wote ni wahuni, anafunga mlango kabisa na kukubali kutukanwa.

Kulichomoa ni kazi ya dakika chache. Chomoa plagi, funga koki, weka kitambaa chini, fungua mpira. Katikati ya wavu kuna kipini cha plastiki. Kibane kwa koleo na uvute pole pole. Kabla hujaliosha, lisome. Mchanga unajieleza wenyewe. Vigamba vyekundu ni kutu ya bomba la chuma la zamani. Vinyuzi vyeupe ni tepu ya fundi bomba aliyeizungushia pale ambapo haikuhitajika, maana washa ya mpira ndiyo inayozuia maji kuvuja. Vipande vya plastiki vilivyojisokota ni mabaki ya siku tenki lilipotobolewa. Ukungu wa kijani unasema tenki linapata mwanga, yaani kifuniko kilipeperuka na hakuna aliyepanda kuangalia. Utando mgumu mweupe ni wa maji ya kisima. Huo utaloweshwa kwenye siki. Vingine vinatoka kwa mswaki wa zamani. Sindano hapana, inatoboa wavu. Watu wanywao maji ya tenki hilohilo wangefaa kuitwa wote waje kutazama.

Kazi yake kubwa kuliko zote huifanya maji yanaporudi baada ya mgawo. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam ilipata maji kwa zamu, na kila yaliporudi mabomba makavu yalisukuma kwanza matope yaliyolala ndani. Wazoefu huyaachia maji ya mwanzo yaende kwenye ndoo za chooni. Wenye haraka huamka usiku wa manane, wakasikia koki ikikohoa, wakakimbilia kuwasha mashine kabla maji hayajakata tena. Mzigo wote ule, kuanzia kwenye bomba la mtaa, huishia kwenye wavu ambao unaweza kuufunika kwa kidole gumba.

Ukishalisafisha, lisukume kwa kidole mpaka likae mahali pake, rudisha mpira na uukaze kwa mkono, koleo usilitumie, fungua koki taratibu uone kama panadondoka. Kisha washa. Maji yataanza kumiminika kwenye droo ya sabuni kwa sauti itakayosikika hadi jikoni, na mtu wa kwanza kupita atasema, "Kumbe haikuwa mbovu," na kuendelea na safari yake ya kwenda kuanika taulo.