Kadi ya Harusi Isiyosomeka

Vikao vya harusi ya mpwa wangu wa Jinja vilijadili kila kitu. Ng'ombe tulimjadili mpaka usiku. Keki ilipandishwa ghorofa, ikateremshwa, ikapandishwa tena. Fonti ya kadi haikujadiliwa: bibi harusi alikwisha kuichagua kwa mchapaji wa Main Street, na anayepinga ajitafutie harusi yake.

Ilikuwa Edwardian Script, kazi ya Mmarekani Ed Benguiat ya mwaka 1994. Inaiga kalamu ya nibu: mkono ukishuka wino unajaa, ukipanda hubaki mstari wa kudhania tu. Imeundwa kwa maneno machache, makubwa, na kusema kweli jina la bibi harusi lilipendeza, herufi ya kwanza ikijipinda hadi ukingoni. Tabu ilikuwa chini, penye kanisa, saa na mahali, kwa herufi ndogondogo kutoka kwa printa iliyokuwa ikilia njaa ya wino. Mistari yote ya kupanda ikapotea. Bugembe, hapo pembezoni mwa Jinja, ikabaki B, u, g na mikia.

Mjomba wetu wa Mbale, mtu wa miwani na msimamo, akasoma Bugiri.

Akaja na barabara ya Tirinyi, jogoo mapajani. Kwenye njia panda ya Nakalama, mtu wa Jinja hukata kulia.

"Kushoto," akaamuru.

"Mzee, si mlisema Jinja?"

"Soma kadi."

Dereva akaisoma, akaigeuza juu chini, akakata kushoto. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa tangu nyumbani, kwa heshima ya kanisa. Na Bugiri, Jumamosi, harusi haikosekani. Walikaribishwa, wakala wakashiba, na jogoo wetu akakabidhiwa kwa shangwe kwa maharusi ambao mpaka leo hatuwajui.

Ungedhani yameisha. Agosti ya mwaka uliofuata, mwaka wa shufwa, mwaka wa imbalu, mjukuu wa mjomba akaingia jandoni huko Mbale. Vijana wa ukoo wakatengeneza bango kwa fonti ileile, safari hii herufi kubwa tupu, kosa ambalo ningelitungia sheria. Kila herufi kubwa ya mwandiko ule imezoea kuongoza msafara wa ndogo. Zikipangwa zenyewe kwa zenyewe zinanyang'anyana nafasi. Kijana anacheza kadodi, unga mwili mzima, uso umekaza kumsubiri ngariba, na juu yake jina lake linaning'inia kama pazia la sebuleni. Mgeni mmoja aliuliza kama ni Kiarabu.

Mjomba akaenda kwa mchapaji, safari hii wa Mbale, kudai maelezo.

"Mzee, mwandiko huu ni wa kupendeza," kijana akamjibu bila kuinua macho. "Ukitaka na wa kusoma, nauweka chini yake. Elfu tano zaidi."

Akalipa.