Ndugu Mshauri, Wafungulie Mlango wa Basi

Kwa Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi,
Vyuo vyote vya mikoani viletavyo wanafunzi Dar es Salaam kwa ziara za mafunzo.

YAH: PONGEZI KWA KULIKINGA JIJI NA WANAFUNZI WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba nianze kwa kukupa haki yako. Kwa sensa ya 2022, Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3, na kuwapitisha vijana hamsini katikati ya umati huo kwa siku tatu bila hata mmoja wao kugusana nao ni ustadi ambao haujapata heshima unayostahili. Wanafunzi wanashushwa, wanahesabiwa, wanaoneshwa bandari, wanapandishwa, wanahesabiwa. Wanafikishwa Makumbusho ya Taifa kulitazama fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kisha wanahesabiwa tena, asije mmoja wao akabaki kabatini. Wanapangwa chini ya Sanamu ya Askari wakiwa na fulana za ziara na bango lenye nembo ya chuo, picha inapigwa, na jioni wanatembezwa Mlimani City, ambako hakuna lolote la kujifunza ila kuwahesabu ni rahisi. Akitokea mwanafunzi anayetaka kwenda Kariakoo na wenzake watatu, ombi lake hupita kwa CR, yaani kiongozi wa darasa, kutoka kwa CR hadi kwa mhadhiri msimamizi, na jibu linajulikana kabla hajalimaliza: hawa ni watoto wa watu.

Hoja hiyo ya watoto wa watu ndiyo ninayotaka tuikalie, maana mengine yote yamejengwa juu yake. Mtoto wa watu unayemzungumzia ametimiza miaka 18, na Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kumchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 17 inampa uhuru wa kwenda atakako ndani ya nchi hii, na sijaona mahali ilipoandikwa kwamba Mtaa wa Msimbazi haumo. Ametia saini mwenyewe mkataba wa Bodi ya Mikopo, kwa hiyo ana deni la mamilioni kwa jina lake. Kama alipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, mafunzo yaliyorejeshwa mwaka 2013, basi dola imekwisha kumfundisha kushika bunduki. Dola inamwamini na silaha, Bodi inamwamini na fedha, Tume ya Uchaguzi inamwamini na nchi. Ofisi yako pekee ndiyo yenye habari za siri zinazoonesha kwamba hawezi kuaminiwa na daladala.

Na hata ofisi yako haiamini hivyo mwaka mzima. Muhula ukiisha, chuo hichohicho kinamkabidhi mwanafunzi huyohuyo barua ya utambulisho yenye mhuri, kinamtuma fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katika jiji lilelile, wiki nane au zaidi, peke yake. Basi halipo, fulana hazipo, wa kumhesabu hayupo. Chumba atatafuta mwenyewe Mbagala au Gongo la Mboto. Dalali atamtoza ada ya kumwonesha kabla hajamwonesha. Mwenye nyumba atadai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na bumu, fedha yake ya mkopo ya kujikimu, ataligawanya kati ya kodi, nauli na ubwabwa hadi liishe kabla ya mwezi. Alfajiri atapigania mlango wa mwendokasi. Msimamizi wa chuo atamtembelea mara moja, au atampigia simu, na kitabu cha fildi kitasainiwa. Hatukusikii ukisema usalama kwanza. Hatari ya Dar es Salaam, inaelekea, hupanda na kushuka kulingana na jina la nani limeandikwa kwenye fomu: siku chuo kilipo jiji linaua, siku hakipo ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi.

Tukiweka kando Katiba na fomu, kuna jambo zito zaidi, nalo ni kwamba ziara hiyo mmeiita ya mafunzo. Chukua njia moja tu, kutoka Kariakoo hadi Kivukoni, mwendo ambao kijana mwenye afya anaumaliza bila kusimama kupumzika. Anaanzia mahali palipopewa jina na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Akikatiza Mtaa wa Lumumba anapita lilipokuwa jengo la TANU ambamo elimu ya chuo kikuu ya nchi hii ilianzia mwaka 1961, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Maana yake wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo kikuu nchini, wale tunaowasifu kwa upevu wao, walikuwa wakitoka darasani na kukanyaga Kariakoo moja kwa moja. Kisha anafika Mnazi Mmoja. Uwazi ule haukuachwa kwa ajili ya mikutano wala picha za harusi. Ni mpaka. Wajerumani walianza na Waingereza wakaendeleza mpango wa kuukata mji vipande vitatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ukanda huo mtupu ukawekwa kuwatenga Waswahili na wengine, kwa kisingizio cha afya. Akiuvuka anaingia kwenye maghorofa ya Uhindini, halafu Samora, barabara ambayo enzi za wakoloni ilitajwa kwa miti yake ya akasia, baada ya uhuru ikaitwa Independence, kisha ikapewa jina la Samora Machel. Katikati yake yupo yule askari wa shaba wa mwaka 1927 ambaye wanafunzi wako wamepiga naye picha bila kuambiwa kwamba mahali pake Wajerumani waliwahi kumsimamisha gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, na Waingereza wakamng'oa walipouteka mji mwaka 1916. Ndani ya basi mtu anaona majengo marefu na mafupi. Kwa miguu anaona yanavyobadilika, na mahali hasa yanapobadilikia, naye lazima aulize kwa nini.

Au mwache mwanafunzi wa Ununuzi na Ugavi asimame tu Kariakoo kutwa nzima. Slaidi zimemwambia bei hupangwa na ugavi na uhitaji. Pale ataikuta bei ya jumla na ya rejareja ya mzigo uleule zikiwa zimeachana mlango mmoja, na ataona inavyoshuka mnunuzi akifanya kama anaondoka. Atawakuta wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, wengine rika lake, waliovuka mipaka na fedha taslimu na Kiswahili cha kuungaunga, bila mshauri wa wanafunzi hata mmoja. Mwanafunzi wa kodi naye akimsikiliza mwenye duka kwa saa moja ataelewa kwa nini Mei 2023 maduka yalifungwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akalazimika kuja kukaa na wafanyabiashara palepale Mnazi Mmoja. Mhadhara wa mamlaka ya kodi ukumbini, pamoja na maji ya chupa, hautamwambia hilo kwa sauti ileile. Na hata akipotea, apotee. Jiji hili watu hawaelekezani kwa namba za nyumba. Wanaelekezana kwa vituo, Faya, Mapipa, Rangi Tatu, Kwa Aziz Ally, na anayetaka kufika ni lazima afungue mdomo amsalimie mtu asiyemjua. Vyuo vinaandaa semina nzima za stadi za mawasiliano na havipati nusu ya zoezi hilo.

Najua utakachojibu: Kariakoo kuna vibaka. Wapo. Simu itaibwa, pengine ya mhadhiri kwanza. Lakini kazi ya ofisi ya usalama ni kupima hatari, siyo kuzitaja, na ukiipima ratiba yako utakuta hatari kubwa kuliko zote umeilipia mwenyewe na kuiita usafiri. Hapa kejeli naiweka chini. Mei 6, 2017, kule Karatu, wanafunzi 32 wa shule ya msingi, walimu wao wawili na dereva walikufa katika basi dogo wakiwa safarini kwenda kufanya mtihani, wakiwa chini ya uangalizi kamili wa watu wazima. Nchi hii ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa miaka mingi kwa sababu zinazoeleweka, na ruhusa imerudi mwaka 2023 tu. Sasa niambie: ofisi inayodai idhini ya mzazi ili kijana wa miaka 22 anunue viatu Msimbazi, ilidai kuona leseni ya dereva wa basi la kukodi? Iliuliza alilala saa ngapi kabla ya kuwabeba watu hamsini usiku kucha, ili chuo kiokoe malipo ya gesti ya siku moja?

Pingamizi la pili linahusu wasichana, na hili silichukulii kwa wepesi, kwa kuwa kuvutwa mikono na kurushiwa maneno mitaani ni adha ya kweli. Hata hivyo, msichana huyo atakutana na mtaa huohuo akija fildi, na safari hiyo atakuwa peke yake badala ya kuwa na wenzake wanne. Tena naomba tusijifanye kwamba tishio huanzia kituo cha daladala na kukoma kwenye lango la chuo. TAKUKURU wenyewe wamefanya utafiti kuhusu rushwa ya ngono katika vyuo vikuu vyetu, na waliochunguzwa humo hawakuwa wapiga debe. Kumwambia binti kwamba atakuwa salama ili mradi asimtoke msimamizi machoni ni ahadi ambayo ofisi yoyote makini ingefikiri mara mbili kabla ya kuipiga mhuri.

Nakubali kwamba mna sababu ya kihistoria ya kuwahofia wanafunzi wanaotembea mjini kwa miguu yao. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Mlimani na wenzao waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakafika hadi Ikulu, Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akawarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akaupunguza na mshahara wake mwenyewe. Ni somo la uraia ambalo hakuna ziara yako iliyolifikia. Miaka michache baadaye Mlima huohuo ulitoa wanafunzi, Yoweri Museveni akiwamo, waliokwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO ndani ya Msumbiji, vita ikiendelea. Sipendekezi hilo liingizwe kwenye ratiba. Nakumbusha tu kwamba kipimo cha kijana wa chuo kiliwahi kuwa kirefu kidogo kuliko umbali kati ya mlango wa basi na choo cha kituo cha mafuta.

Kinacholindwa hapa, kwa maoni yangu, ni faili. Mwanafunzi akiibiwa simu wakati wa fildi, hilo ni lake. Akiibiwa wakati wa ziara, kuna mtu ataitwa kuandika maelezo. Hofu hiyo ni ya kibinadamu na siidharau, ila isivalishwe joho la malezi. Ndiyo maana ombi langu ni dogo: siku moja kati ya tatu. Makundi ya watu wanne au watano, kila kundi na swali linalotokana na kozi yake, namba za simu zikiwa zimeandikwa, mahali na muda wa kukutana vikijulikana, na jioni kila kundi lieleze lilichokikuta. Asiyetaka kutoka asilazimishwe, abaki na msimamizi Mlimani City wakahesabiane.

Endapo ofisi yako itaona hata hilo ni hatari mno, basi uadilifu unadai kanuni ifuatwe hadi mwisho wake. Kila mwanafunzi wa fildi Dar es Salaam apangiwe wasimamizi wawili wa kuongozana naye tangu chumbani Mbagala hadi ofisini na kurudi, wiki zote nane, mmoja akiwa mbele na mwingine nyuma ndani ya mwendokasi, wote wakilipwa posho ya kujikimu kwa viwango vya jiji. Bila shaka bajeti ya posho hiyo itapitishwa haraka kuliko ombi langu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Dar es Salaam