Barua ya Wazi kwa Wadhamini wa Pensheni: Nisajilini Mjane wa Mume Aliye Hai

Waheshimiwa Wadhamini,

Salamu kutoka Chwele, Kabuchai. Mvua imenyesha, mahindi yamefika kiunoni, na mimi bado si mwanachama.

Hilo nimeambiwa dirishani kwenu mara nne. "Mama, wewe si mwanachama." Kisha karani, kijana mwenye adabu zake, huniuliza kwa upole: "Ama umefiwa na mzee?" Nikijibu kwamba tumeachana, hufunga faili.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mnisajili kama mjane wa mume aliye hai. Taratibu zote nitazifuata. Cheti cha kifo cha ndoa ninacho, kina muhuri wa mahakama. Barua ya chifu nitaileta. Mkitaka matanga, tutakodi hema na viti vya plastiki, tutakesha, na baada ya mazishi omuswala kumuse, mnenaji wetu wa jadi, atatembea mbele ya watu akieleza ukoo wa ndoa yetu: ilizaliwa wapi, iliugua nini, nani aliiloga. Marehemu mwenyewe anakaribishwa. Atakaa mstari wa mbele na mke wake mpya, atakula wali, na akipenda atatoa rambirambi. Mkihitaji picha ya kaburi, nitawapigia kitanda.

Najua sheria iko upande wenu. Ile ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi na kazi ya shamba kuwa mchango, hata usuhuba wa ndoa. Lakini ikifika kuorodhesha mali, inataja nyumba na vyombo, pensheni haina mstari wake. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema hakuna nusu kwa nusu ya bure, kila mtu athibitishe alichochangia. Haya. Nikishathibitisha? Sheria ya mafao ya kustaafu ya 1997 inazikinga pesa za mwanachama zisiguswe kwa amri ya mahakama, ila kanuni za mfuko zikiruhusu. Na kanuni ni zenu.

Basi uthibitisho huu hapa. Miaka 22 mlimkata mshahara kila mwezi. Ulipofika nyumbani umenyofolewa, tulikula nini? Kunde zangu. Vitunguu nilivyobeba kichwani hadi sokoni, mtoto mgongoni. Watoto walipofukuzwa kwa karo, waliouzwa ni kuku wangu. Hizo pesa mlizoandika kwa jina la mwanamume mmoja zilitoka kwenye sufuria yangu, na mnajua, kwa sababu nanyi mna wake nyumbani, halafu mnaniuliza kama nimefiwa!

Samahani. Moshi wa jikoni umenipanda kichwani.

Maombi mengine ni madogo. Wekeni benchi kivulini. Karani asiniite "shosho", nina miaka 49. Na kwa kuwa mnapenda safari za kujifunza nje, nendeni Afrika Kusini, ambako tangu 1989 sheria ya talaka inaitambua haki ya pensheni kuwa sehemu ya mali. Posho ya safari mtajikatia wenyewe, kukata mnakujua.

Mzee anastaafu Desemba. Jumatatu ya kwanza ya Januari nitakuwa dirishani saa mbili asubuhi, nimevaa nyeusi.

Wenu,
Asiye Mwanachama
Chwele