Mwongozo wa Kurusha Setilaiti ya Kaunti Bila Kuwaumiza Wanariadha

Heko kwa kuteuliwa mwenyekiti wa kamati ya setilaiti ya Uasin Gishu. Kabla ya kukodi hema la uzinduzi, zingatia yafuatayo.

1. Achana na roketi. Utaambiwa Eldoret iko karibu na ikweta, kwa hiyo dunia yenyewe itaisukuma roketi mashariki bure. Ni kweli. Ila mashariki yako ni Iten, wanakofanyia mazoezi wanariadha, na roketi hudondosha vipande. Waulize wenyeji wa Mukuku, Makueni, walioangukiwa na pete ya chuma ya kilo 500 hivi tarehe 30 Desemba 2024. Waitaliano walirushia roketi zao baharini, karibu na Malindi. Ndipo setilaiti ya Uhuru ilipopaa 12 Desemba 1970. Isitoshe, setilaiti za kupiga picha mashamba kwa kawaida huzunguka kupitia karibu na ncha za dunia, na huko msukumo wa ikweta haukufai kitu. Lipa nauli kama Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyodandia roketi ya SpaceX huko California tarehe 15 Aprili 2023. Ni matatu tu: utashukia wanaposhukia wenzako.

2. Omba masafa ya redio mapema. Karatasi zitapitia Nairobi hadi Geneva. Setilaiti isiyo na kibali cha kuongea ni jiwe la bei ghali.

3. Amua unataka kuona nini. Mahindi? Hupandwa Machi na Aprili, yakakua msimu wote wa mvua. Kamera ya kawaida itakuletea picha maridadi za mawingu. Rada hupenya mawingu, lakini hula umeme, na bajeti pia.

4. Usimwalike mheshimiwa kubonyeza kitufe. Kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, setilaiti huzunguka dunia kwa dakika kama 95. Juu ya Eldoret itaonekana kwa dakika kumi hivi, mara chache kwa siku, nyingine usiku wa manane. Katika dakika hizo ndipo utapokea picha, utakagua betri na kutuma amri. Msafara ukikwama kwenye foleni ya Uganda Road, setilaiti haitasubiri.

5. Bajeti ikibana, kata ngoma, fulana na hema. Usiguse mshahara wa fundi wa zamu ya usiku. Siku ya uzinduzi ni moja. Yeye atafanya kazi miaka yote itakayofuata, bila mgeni yeyote wa heshima kumpigia makofi.