Mgeni Aliyekula Diski Nzima

Julai, Kibugu huvaa koti. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Mlima Kenya mchana ukiwa bado mbichi, wachuma chai hurudi nyumbani wamelowa hadi magotini, na katika chumba kimoja cha mabati karibu na soko, laptopu ya mwandishi wa makala haya ilikuwa ndiyo jiko. Feni yake ilivuma tangu asubuhi. Mwalimu, mstaafu na mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana, alikuwa amesogeza kiti akiota mikono kwenye tundu linalotoa hewa moto, huku akisubiri taarifa ya mwaka ya wanachama.

Mara skrini ikaganda. Ujumbe ukatokea kusema kwamba diski imejaa na mashine imesimamishwa.

"Ni hii baridi?" Mwalimu akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Imejaa."

"Imejaa nini?"

Swali hilo lilimla mwandishi siku tatu.

Mambo yalianza miezi kumi na minne kabla ya hapo. Kikundi kina programu ya hesabu iliyoletwa kwa CD enzi za Windows 7, na programu hiyo haitaki kusikia habari ya mfumo mwingine wowote. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 bure Januari 14, 2020, lakini wanachama walipoambiwa bei ya programu mpya, ile ya zamani ilipendwa ghafla na kila mtu. Ndipo mwandishi akajitolea kuitafutia makao. Aliweka VirtualBox, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani ya Innotek na ambayo sasa ni mali ya Oracle, kisha ndani yake akaunda kompyuta pepe yenye Windows 7, ikiishi ndani ya laptopu kama kifaranga ndani ya yai. Wenye kazi hiyo huiita kompyuta ya nje mwenyeji na ya ndani mgeni. Mwandishi aliyaona majina hayo ya adabu sana. Hakuwa amemjua mgeni.

Utamu wa kompyuta pepe uko kwenye snapshoti. Kabla ya kujaribu jambo la hatari, unaipiga snapshoti. Jambo likiharibika, unarudi pale ulipokuwa, kana kwamba siku haijaingia. Aliyewahi kuangusha nyungu ya maziwa anajua thamani ya kitu kama hicho. Isitoshe, ukipiga snapshoti ya mashine iliyozimwa, faili jipya huwa dogo ajabu, megabaiti chache tu. Mwandishi akapiga ya kwanza, akaiita "kabla". Akapiga ya pili: "kabla ya kabla". Zikafuata "nzima", "nzima kabisa", "nzima kabisa 2", "Mwalimu ameona", "usiguse" na "usiguse mpya". Kufikia Julai zilikuwa kumi na moja.

Kosa lake, ambalo wengi hulifanya, lilikuwa kudhani kwamba snapshoti ni nakala. Sivyo. Aliyewahi kupanga foleni kwenye kiwanda cha kahawa, gunia la matunda mabichi begani, ataelewa upesi. Chukua karani mwenye daftari la kilo za wakulima. Siku ya snapshoti daftari hilo linapigwa muhuri, halitaandikwa tena. Karani anafungua kijitabu kipya, na kila badiliko linaingia humo. Snapshoti ya pili inakipiga muhuri kijitabu cha kwanza na kufungua kingine. Ukimuuliza mkulima fulani ana kilo ngapi, karani anaanza na kijitabu cha juu kabisa. Asipomkuta, anashuka cha pili, cha tatu, hadi daftari la chini. Vijitabu kumi na moja, na mkulima bado amesimama na gunia.

Kwa hiyo hulipi siku ya kupiga. Unalipa baadaye, kidogo kidogo, kwa kila kitu ambacho mgeni anakiandika, na kila kijitabu kinaweza kunenepa hadi kikakaribia ukubwa wa diski nzima ya mgeni. Diski ya mgeni huyu ilikuwa ya gigabaiti 60, ingawa mwanzoni alitumia 22 tu.

Na mgeni alikuwa na bidii. Windows 7 ina mazoea ya kupanga upya diski yake kila Jumatano saa saba usiku, au baadaye ikiwa saa hiyo ilikuwa imezimwa. Yaani mgeni anafagia nyumba kila wiki: kiti anakitoa huku anakiweka kule, sufuria anahamisha, mwisho hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Lakini karani hajui kwamba huo ni usafi. Anachoona ni kiti kimehama, naye anaandika. Juu ya hapo, mwandishi alikuwa na tabia ya kupiga snapshoti mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, na kila mara kumbukumbu yake hai, hadi gigabaiti 2, ilihifadhiwa pamoja na kijitabu.

Folda ilikuwa imefika gigabaiti 241. Laptopu yenyewe iliuzwa kama ya gigabaiti 500, ingawa Windows huhesabu kwa kipimo chake na kuonyesha 465, tofauti iliyowahi kumpeleka mwandishi dukani kwa hasira, akafundishwa hesabu na kijana wa miaka kumi na tisa.

Siku ya kwanza alimfutia mgeni vitu kwa ndani: faili za muda, masasisho ya zamani, michezo. Mgeni akatangaza kwa furaha kwamba ana nafasi tele. Huku nje, folda haikupungua hata punje, kwa sababu faili la diski linalokua lenyewe halijui kurudi nyuma lenyewe.

Siku ya pili aliamua kufuta snapshoti. Hapo akakutana na kichekesho kikubwa zaidi cha mambo haya: ili ufute, unahitaji nafasi. Kijitabu hakitupwi, yaliyomo lazima yahamishiwe kwenye kile cha jirani, na wakati wa kuhamisha, faili linalopokea linakua kabla lile la zamani halijaondoka. Mwandishi alikuwa amebakiwa na gigabaiti 3. Alifuta filamu zake zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeuza mbuzi kulipa karo. Akafika 9. Haikutosha.

Ni usiku huo alipoingia kwenye folda mwenyewe. Humo faili zina majina marefu ya herufi na tarakimu ndani ya mabano ya kukunja, majina ambayo hata mama mzazi hawezi kuyaita. Alichagua lile nene kuliko yote, akashika Shift, akabonyeza Delete. Alipata gigabaiti 38 papo hapo, na kwa muda wa dakika nne alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kauntini. Dakika ya tano alijaribu kumwamsha mgeni. Kijitabu cha sita kilikuwa kimechomwa, na kila kilichoandikwa juu yake kilikuwa kinamtafuta mzazi wake.

Siku ya tatu, akiwa amechelewa, mwandishi alisoma maelekezo. Wenye VMware, kampuni nyingine ya kompyuta pepe iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo imeona mengi, wanashauri snapshoti isikae zaidi ya saa 72, na kwamba hata kama mnyororo unaruhusiwa kufika 32, ni bora zibaki mbili au tatu ili mashine isipunguze kasi. Tena wanasisitiza kwamba snapshoti si hifadhi ya dharura. Saa 72 ni siku tatu. Mababu walikwisha kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawakuwa na hata kikokotoo. Huyu alikuwa amekaa miezi kumi na minne, halali, anafagia.

Mwalimu alikuja saa nne asubuhi. Mwandishi alikuwa ameandaa hotuba ndefu ya kuomba msamaha, yenye daftari na karani na kila kitu. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa karibu na feni.

"Kwa hiyo hesabu zimepotea?"

"Ndiyo, Mwalimu. Zile zilizokuwa humu."

Mwalimu akatia mkono mfuko wa ndani wa koti na kutoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya risiti. Kilikuwa flashi ya gigabaiti 4, kifuniko kimepotea. Kila Ijumaa, akaeleza, baada ya kuingiza michango, alikuwa akinakili lile faili la hesabu, kwa sababu shuleni alifundisha miaka mingi na hakuwahi kumwamini mtoto anayesema kazi yake iko kwa rafiki.

Mwandishi aliliangalia faili hilo. Wanachama wote, mikopo yote, faini za kuchelewa mkutanoni tangu siku ya kwanza: megabaiti 38.

Mwalimu aliifunga flashi tena kwenye risiti, akairudisha mfukoni, kisha akauliza kama sasa kwenye kompyuta ile kuna nafasi kidogo ya kumwekea picha za harusi ya binti yake.