Sifa za Kiumbe Asiyetaka Kukua

Simba amesifiwa mpaka masikio yamemchoka, na tausi naye vivyo hivyo. Leo ni zamu ya aksolotli, amfibia wa mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico. Hajafanya lolote la maana maishani mwake, na tuanzie hapo kumsifu.

Ndugu zake salamanda wakishamaliza utoto hupoteza matamvua, huaga maji na kwenda kuhangaika nchi kavu. Yeye aliyapima maisha ya utu uzima akaona hayana maslahi. Hubaki majini na shungi lake la matamvua, mtoto wa sura, na katika utoto huohuo huoa na kuzaa. Mwaka 1864 kundi lao lilipelekwa Paris. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama Auguste Duméril akakuta baadhi ya watoto waliozaliwa huko wamegeuka salamanda kamili. Wataalamu wakababaika. Wale wenye busara zao waliendelea kukaa majini, wakila vya bure.

Lakini umahiri wake uko kwenye mlo. Nyungunyungu huteremshwa mbele ya pua yake, naye humtafakari. Macho hayamsaidii sana, basi hungoja maji yatikisike, kisha hupanua kinywa ghafla na kufyonza chochote kilicho karibu: mchanga, changarawe, mguu wa mwenzake. Nyungunyungu, mara nyingine, husalimika. Aliyeng'atwa mguu hafungui kesi. Huota mwingine, mifupa na vidole vyote vikiwemo. (Mtaani kwetu watu hununiana miaka kwa sababu ya kuku.) Matamvua anayo, mapafu anayo, na bado hupanda juu kugugumia hewa, akacheua kiputo na kuzama polepole, mzito kama mzee aliyeshiba pilau ya harusi.

Joto halitaki. Maji yakizidi nyuzi 20 afya yake huyumba, kwa hiyo mfugaji humnunulia mashine ya kupoza maji, huku mwenyewe akijipepea kwa gazeti. Humbadilishia maji, humfyonzea kinyesi kwa mpira, na ujira wake ni kukodolewa macho yasiyo na kope. Utumwa huu waweza kudumu miaka 10, hata 15.

Kwao Xochimilco mambo si ya kuchekesha: maji yamechafuka, na perege walioletwa kufugwa humla mayai na watoto. Katika maji ya asili amekuwa adimu mno, ilhali matangi ya dunia yamemjaa. Hata hivyo, tangu 2021 yumo kwenye noti ya peso 50. Wako waliokesha na vitabu maisha yao yote wasiambulie hata stempu.

Ukiamua kumtumikia, msomaji, toa changarawe zote tangini. Atazimeza tu, zitamziba utumbo, na hapo hakuna kuota mwingine.