Sifa za Valvu Inayovuja

Malenga wamesifu ngamia, wamesifu majahazi, wamewasifu mabwana wenye ulwa, na wengine wakalipwa kwa kazi hiyo. Valvu ya baiskeli haijapata mtu wa kuitungia hata beti mbili, seuze ile inayovuja. Mimi ni bwana shamba huku Usukuma, na valvu ya namna hiyo imenitumikia misimu mingi ya pamba. Naona deni limelala vya kutosha. Nalilipa leo hadharani, kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu.

Anayesifiwa sharti atajwe nasaba. Tairi la upepo wengi hulihesabu kuwa mtoto wa John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast. Alimtengenezea mwanawe magurudumu ya upepo kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu, akapata hataza mwaka 1888. Mwaka uliofuata Willie Hume aliyapanda mbioni hapohapo Belfast, akawashinda wenzake waliokuwa wakirushwarushwa na mipira migumu. Sherehe haijapoa, ikabainika kuwa Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kulipatia hataza wazo lilelile mwaka 1845, na ya Dunlop ikabatilishwa. Kumbe tairi la upepo lilianza kuvujia kwenye makaratasi, hata miiba ya migunga yetu haijalionja. Ukoo wa namna hiyo haukosi kuzaa watoto wenye vipaji.

Katika valvu za ukoo huo yuko wa magari, ambaye August Schrader wa New York alimpatia hataza mwaka 1893, mwenye springi tumboni na anayejaziwa upepo hata kwenye kituo cha mafuta. Yuko mwembamba wa Kifaransa, Presta, wa baiskeli za mashindano, ambaye pampu ya kijijini humtazama tu ikaguna. Na yuko wetu, wa baiskeli za Phoenix na jamaa zake, ambaye jina lake la vitabuni ni Woods. Huyu ndiye mhusika.

Umbo lake ni la kijasiri. Ndani ya shina unaingia msumari mdogo wa shaba, una kitundu ubavuni, na juu ya kitundu umevikwa kimpira chembamba. Juu yake nati inakaza. Ukipampu, upepo unatokea kwenye kitundu, unakiinua kimpira, unaingia kwenye tyubu. Ukiacha kupampu, upepo uliokwisha kuingia unakigandamiza kimpira palepale kwenye kitundu, na mlango umefungwa. Springi hakuna. Wewe mwenyewe, gunia kwenye keria na kuku waliofungwa kwenye usukani, nyote mmekabidhiwa kwa kipande cha mpira kisichofika urefu wa kidole gumba. Sijui jeshi lenye mlinzi mmoja namna hii.

Katika fadhila za valvu inayovuja, iliyo kubwa kuliko zote ni staha. Pancha haina staha. Mwiba ukiingia tairi linafoka, watoto wanacheka, na mwiba wenyewe unabaki umesimama hapo unajitangaza. Valvu haikuaibishi mbele za watu. Jioni unaiegemeza baiskeli ukutani, tairi gumu, ukiligonga kwa kidole linaitika. Usiku valvu inaanza shughuli zake. Haipigi mluzi wala haipumui kwa nguvu. Inatoa upepo kidogo kidogo, kama mgeni mwenye adabu anayeondoka alfajiri asiwaamshe wenyeji. Kunapokucha ringi imelalia tairi, na ushahidi hakuna.

Staha hiyo inakufuata mpaka kwa fundi. Tyubu inatolewa, inajazwa, inazamishwa kwenye karai la maji. Fundi anaizungusha taratibu, wateja wengine wanasogea kutazama, na hakuna hata povu moja. Valvu inajua kwamba kuvuja mbele ya wageni ni utovu wa adabu. Ndani ya karai shina limesimama wima, halivutwi na kitu, kwa hiyo ufa ukiwa chini, pale shina linaposhikana na tyubu, unafumba. Rudi barabarani na tairi lenye upepo haba uone. Tyubu inateleza polepole ndani ya ringi, inalivuta shina mpaka linainama, na ufa unafumbua. Ona unyenyekevu huo: inainama kwanza ndipo inaondoka na mali. Nawajua waheshimiwa kadhaa ambao hata kuinama hawainami.

Tena inajua saa. Haijawahi kuniishia nikiwa naelekea kilabuni. Hungoja siku ya mkutano wa wakulima kijiji cha mbali, nimebeba bomba la dawa mgongoni, mfuko wa mbegu umefungwa kwenye keria, na mwenyekiti amekwisha kuwakusanya watu chini ya mti.

Ipo njia moja ya kuifumania. Unaivua kofia yake, unalamba ncha ya kidole, unapaka mate kwenye mdomo wa valvu, kisha unachuchumaa mpaka pua inakaribia spoku. Mate yanatulia. Yanaendelea kutulia. Ukishakata tamaa ndipo kinapovimba kipovu kimoja, kinang'aa rangi zote jua likikipiga, halafu kinapasuka. Nimeyaona machweo ya Ziwa Victoria; hayajawahi kunichuchumalisha muda mrefu hivyo.

Fadhila nyingine nazitaja mbiombio. Inazuia wizi. Inapunguza vitambi. Inadumisha ujirani, maana mwenye pampu kijijini utamwamkia kila asubuhi hata kama mmekosana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Watoto wake wote nawajua kwa majina, na yule mdogo huniletea pampu kabla sijabisha hodi.

Lakini jamani! Kimpira chenyewe bei yake ni ya pipi. Kinazeeka, hilo ndilo kosa lake lote. Joto linakikausha, kinapasuka kwenye ukingo wa kitundu, kinatakiwa kingine. Unakivua, unavika kipya, unakaza nati, umemaliza kabla chai haijapoa. Fundi mmoja badala ya kufanya hivyo alipiga tyubu msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka mahali pasipo na tundu, akapokea pesa akashukuru Mungu. Mwingine alikivika kimpira kipya, nikafurahi, kumbe amekipaka oili ili kiteleze vizuri. Oili inakula mpira! Baada ya siku chache kilikuwa uteute. Mate yanatosha kukiteleza, na mate ni bure, kila fundi anayo kinywani!

Hawa nawasamehe, wanaishi kwa viraka. Kuna wengine ambao sina budi kuwataja, bila majina.

Baiskeli hii sikuinunua, nilikabidhiwa. Mradi mmoja ulileta baiskeli, zikapangwa mstari uwanjani mbele ya ofisi ya kata, fremu zikiwa bado na nailoni. Mgeni rasmi alikata utepe, akapandishwa moja, vijana wawili wakashika keria asianguke, akapelekwa hatua chache akapigwa picha. Hotuba ilisema kuanzia siku hiyo ugani utamfikia mkulima mlangoni pake. Tulipewa fulana na kofia. Tulipewa soda. Pampu haikuwepo hata moja kwa baiskeli zote zile, na kimpira cha akiba ndiyo usiseme.

Nikaandika barua ofisini kuomba fedha za pampu na vimpira. Nikaambiwa nilete proforma tatu. Yaani niende mjini kwa nauli, nipite maduka matatu, nichapishe, nigonge mihuri, ili nithibitishe bei ya kitu kinachogharimu chini ya karatasi nitakayoiandikia. Nikaenda. Nilipozirudisha nikaulizwa kama fundi atakayefunga ana risiti ya mashine ya EFD. Fundi wangu anakaa chini ya mwembe, na mashine pekee aliyonayo ni karai. Nikarudi tena na maelezo. Safari hiyo mhasibu alinihurumia, akafungua kitabu chake, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba kifungu cha matengenezo hakina kitu, ila cha ununuzi kina fedha, na inakaribia mwisho wa mwaka. Niombe baiskeli mpya.

Mpya! Yenye kimpira cha namna ileile, kitakachokauka kwa jua lilelile!

Zunguka nyuma ya ofisi za kata, nyuma ya zahanati, kwenye stoo za shule. Utazikuta baiskeli za mradi zimeegemezwa. Ukizikagua, nyingi ni nzima: fremu imenyooka, breki zinashika, kengele inalia. Zimekosa upepo tu. Kwenye taarifa hazina kasoro yoyote, kwa sababu fomu ina safu ya zilizokabidhiwa na haina safu ya zinazotembea. Mwaka mmoja alikuja mtathmini, akashuka kwenye Land Cruiser, akaniuliza baiskeli imeboresha vipi kazi yangu. Nilimjibu kwamba imeimarisha miguu. Akaandika.

Sasa mnaona kwa nini naipenda valvu yangu. Inavuja, ndiyo, lakini ukiwekea mate inakiri. Haijawahi kuniomba proforma. Ikipewa haki yake, kipande kile cha bei ya pipi, inakaa kimya na upepo wake miezi na miezi, bila semina wala posho ya kikao. Waliopanga mradi walijua bei ya kila spoku. Kimpira hawakukiona, kwa kuwa kimpira hakikatiwi utepe, na hakuna anayesafiri kutoka makao makuu kuja kupigwa picha akikabidhi mpira wa kidole gumba.

Kwa mgeni rasmi ajaye nina ombi moja. Kabla ya kukata utepe, apewe pampu, ajaze tairi moja kwa mikono yake mwenyewe, alale hapa kwetu, asubuhi aje aligonge kwa kidole. Akiwa hana nafasi ya kulala, basi aiache hiyo pampu. Kimpira nimekwisha kujinunulia.